Websaiti Iliyoitikia Shikamoo ya Baba Mkwe

Nitawasimulia, lakini mcheke kwa adabu, maana nimeshachekwa vya kutosha, hadi na watu wa mnadani Katesh ambao jina langu la ubatizo hawalijui, wao wananiita "Fundi Marahaba" tu, na jina hilo sikupewa na mtu, nilijitafutia mwenyewe kwa mikono yangu miwili na wivu wangu mmoja.

Mimi ni seremala. Milango, madirisha, viti, vitanda, na mlango wangu haulii wala hauvimbi mvua ikinyesha (sijisifu, nasema ukweli). Ufundi nilijifunza pamoja na Fabiani, kule kwetu Tumati, kwa fundi mmoja mzee, tukila ugali sahani moja, halafu tukashuka Hanang kutafuta maisha, mimi nikafungua karakana Katesh, yeye Endasak. Randa yake ya kwanza nilimwazima mimi! Shikeni hilo la randa. Sasa huyu mtu niliyemwazima randa, mwaka jana, akafungua websaiti.

Mwanzoni nilicheka. Nikasema nani wa Endasak atanunua mlango kwenye simu? Kumbe wanunuzi si wa Endasak, ni wa Babati, ni wa Singida, ni walimu wanaojenga huko walikopangiwa kazi, wanaangalia picha, wanapiga namba, biashara imekwisha. Ikawa nikiinua kichwa karakanani naona bodaboda inapita imebeba mlango, nauliza wa nani, naambiwa wa Fabiani, kesho tena wa Fabiani, hadi nikaacha kuuliza. Jamani, wivu ulinishika kama jino bovu. Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa naifungua websaiti yake kutafuta kosa, na sikuwahi kushuka nayo hadi chini, picha tatu za kwanza tu zilitosha kuniharibia siku.

"Badala ya kunoa patasi unanoa wivu," mke wangu Marselina akaniambia.

Basi kigango cha Nangwa kikamaliza kujenga kanisa jipya, ukabaki mlango mkubwa wa mbele. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni Mzee Boay, baba yake Marselina, yaani baba mkwe wangu mimi. Nikajua kazi ni yangu. Mzee akanikata maini mbele ya watu wote: "Sitaki maneno kwamba nimempa mkwe wangu. Fundi anayetaka kazi aonyeshe kazi zake, wazee waamue." Naye katekista, mtu wa simu sana yule, akasema mwenye websaiti tutaitazama Jumapili ijayo baada ya ibada, haina haja ya kubeba milango hadi hapa.

Hebu fikirini. Mlango ule watu watapita kwenda kubatizwa, kufunga ndoa, na siku ya mwisho kupitishwa wamelala. Nikajiona mimi, kila Jumapili hadi nife, naingia kumwomba Mungu kwa kupitia mlango wa Fabiani! Haiwezekani. Jumatatu asubuhi nikawa kwa Neema, yule binti mwenye steshenari pale stendi anayetengeneza websaiti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nataka websaiti, na Jumapili iwe tayari."

Neema ni mtoto mwenye akili. Akaniambia mteja hana muda, weka namba ya simu juu kabisa, picha chache za milango, bei, na unapopatikana, basi, tena iwe nyepesi maana mtandao wa huku wenyewe unakuja kwa kubahatisha. Nikamuuliza, ya Fabiani ikoje? Akasema ndiyo hivyo hivyo. Nikamwambia basi yangu isiwe hivyo.

Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Ya Fabiani ukiifungua inakuandikia "Habari, karibu," na watu walikuwa wanaisifia kwamba ina adabu. Habari! Hiyo nayo ni salamu? Sisi tumelelewa huku, mtu huanzi shughuli hujasalimia ukamaliza, unauliza wazazi, unauliza watoto, unauliza mifugo, ndipo unasema shida yako. Nikamwambia Neema yangu iwe na salamu kamili. Akasema sawa, iandike "Shikamoo". Nikafikiri, nikaona hapana, wazee wana simu za tochi, huko mtandaoni wamejaa vijana, sasa mimi mwenye ndevu nimwamkie mtoto wa kidato cha pili? Waniamkie wao!

Basi ikatengenezwa hivi: unafungua, unakutana na mlango wa mninga umefungwa, pembeni nimesimama mimi na randa yangu, chini imeandikwa "Bonyeza SHIKAMOO mlango ufunguke." Ukibonyeza, sauti yangu mwenyewe (nilirekodi mara nne ili iwe nzito) inaitikia na kuuliza hali, ndefu kweli, na bila kumaliza mlango haufunguki. Namba ya simu iko ndani huko.

"Fundi, na mzee akiingia je?" Neema akauliza.

"Mzee gani anaingia kwenye websaiti?"

"Basi tumpe hata mtu mmoja aijaribu kwanza."

"Ili Fabiani aige? Hakuna kumwonyesha mtu."

Jumapili nikavaa koti la harusi. Fabiani alikuwepo, shati la kawaida tu, akanipa mkono, "Ndugu yangu, za siku nyingi," nikamshika vidole viwili. Ibada ikaisha, watu wakakaa kwenye mabenchi pale nje, wazee wa kamati mbele, wanakwaya pembeni. Katekista akatoa simu yake, na simu ile ilikuwa bado imeunganishwa na spika ya kwaya, ile kubwa, maana ndiyo iliyokuwa inapiga nyimbo asubuhi. Hakuna aliyekumbuka. Akaifungua websaiti yangu, ikazunguka, ikazunguka, ikaja, akampa Mzee Boay kwa heshima kwa sababu ndiye mwenyekiti.

Mzee akaisogeza mbali na macho. Akasoma polepole, kwa sauti, kama anasoma waraka: "Bonyeza... shikamoo... mlango... ufunguke." Akatazama picha yangu. Akanitazama mimi. Akabonyeza.

"MARAHABA, MWANANGU!" spika ikanguruma, hadi mbuzi waliokuwa wanakula majani nyuma ya kanisa wakakimbia. "HUJAMBO? BABA YAKO HAJAMBO?"

Baba yake Mzee Boay tulimzika mwaka juzi, na jeneza nilitengeneza mimi.

"MAMA JE? MNASOMA VIZURI? MSIWASUMBUE WAZAZI!"

Mzee akashtuka, akabonyeza tena ili inyamaze, kumbe ukibonyeza inaanza upya, "MARAHABA, MWANANGU!" Akabonyeza tena, "MARAHABA, MWANANGU!" Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaangua kicheko, akajaribu kukifanya kikohozi, mwenzake akajifunika kanga usoni, mabega yanaruka. Nikaona bora nijisalimishe kabla dunia haijaisha, nikakimbilia mbele, nikainama mbele ya mkwe wangu, nikasema kwa nguvu watu wote wasikie:

"Shikamoo, baba!"

Na kabla mzee hajafungua mdomo, kidole chake kikagusa simu tena, spika ikamjibia, kwa sauti yangu mwenyewe, nzito, niliyoirekodi mara nne:

"MARAHABA, MWANANGU!"

Hapo hata wazee wa kamati walishindwa. Watu walicheka hadi wakashikana. Marselina aliinuka akaenda zake nyumbani bila kugeuka, na katekista akawa anahangaika na simu hadi mwisho akaona heri aizime spika yenyewe. Mzee Boay peke yake hakucheka. Akasema taratibu, "Huu mlango umegoma. Tuone wa huyo mwingine."

Ya Fabiani ikafunguka mara moja. Picha, bei, namba, Endasak karibu na mashine ya kusaga. Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika, nami nimesimama pale pale na koti langu la harusi, nikitamani mlima Hanang uniangukie. Katekista akaendelea kushuka na picha, akafika chini kabisa, kule nisikowahi kufika, kukawa na picha ya mlango wa zamani, akasoma maneno yake: "Huu ni mlango wangu wa kwanza. Niliutengeneza kwa randa niliyoazimwa na ndugu yangu wa Katesh. Nikiwa na kazi nyingi, mtafuteni yeye, ni fundi kunishinda." Na namba yangu ya simu imeandikwa hapo, kubwa, bila kumsalimia mtu.

Mnadhani nilifurahi? Niliumia upya! Kazi kanizidi, websaiti kanizidi, na sasa hata kwa wema kanizidi, tena mbele ya wakwe. Halafu nikakumbuka wateja kadhaa wa Babati ambao mwaka ule walikuwa wananipigia, nami nikajivuna kwamba jina langu limefika mbali lenyewe. Kumbe alikuwa ananiletea yeye.

Kazi alipewa Fabiani. Kila Jumapili napita kwenye mlango wake, nausikiliza, nikiomba walau bawaba moja ilie kidogo. Hailii.

Websaiti yangu Neema aliirekebisha siku iliyofuata, namba juu, picha, bei, salamu hakuna, na kabla ya kuiachia nilimpa Fabiani aijaribu yeye mwenyewe kwanza, nikiwa nimemeza mate machungu. Niliapa pale pale kwamba sitamdai binadamu shikamoo tena, hata mtoto wa kuzaa mwenyewe, akitaka atanipa. Mwenye wivu anayemchunguza mwenzake juu juu asishangae akiaibika hadi chini.

Kwa mkwe nilipeleka kondoo, nikaomba radhi, wazee wakasema yameisha. Lakini hayajaisha. Mpaka leo nikifika kwake namkuta kakaa nje anaota jua, nainama, nasema "Shikamoo, baba," na yule mzee, bila hata kutabasamu, ananyoosha kidole kimoja kuelekea kifua changu na kuniuliza:

"Nibonyeze wapi?"