Redio ya Masanja na Mtungi Wangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimesimama kando ya barabara ya Kasekese, nimeshika baiskeli yangu kwa mikono miwili, na tumbo linaniuma. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimesikia redio ya mtu mwingine.

Nakueleza hili kwa sababu nawaona nyie vijana wa siku hizi hapa Mpanda. Mmoja akifunga spika ya bluetooth kwenye usukani, mwenzake hapati usingizi. Mmoja akileta sabufa, jirani anauza mbuzi ili alete kubwa zaidi. Halafu mnakuja dukani kwangu mnanunua kwa hasira. Mimi ni mfanyabiashara, nauza. Mtu mwenye hasira hata bei habishani. Lakini ni mzee pia, na mzee anayenyamaza kwa sababu ya faida ni mzee wa bure.

Kwanza unifahamu. Shule niliishia darasa la tatu. Nilianza kwa kubeba dagaa kwa baiskeli kutoka Ikola mpaka Mpanda, na milima yote ile, na mvua, na mbung'o. Duka hili la spea na redio unaloliona nimelijenga kwa mapaja yangu haya. Nasema bila aibu. Asiyejisifu ana mtu wa kumsifu, na mimi sikuwa naye.

Siku zile za ujana nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, baiskeli. Niliinunua kwa mtu ikiwa imechoka, lakini nilikuja kuijua kama ninavyoyajua meno yangu. Kila Jumapili nikitoka kanisani naipindua miguu juu, nafungua habu, kile kitovu cha gurudumu, naosha gololi kwa mafuta ya taa, napaka grisi mpya. Napiga spoki moja moja kwa kidole huku nimeinamisha sikio. Iliyolegea inatoa sauti ya uvivu, naikaza. Ukizungusha gurudumu la nyuma ungeweza kwenda kunywa maji, ukarudi ukalikuta bado linazunguka. Na ilikuwa kimya. Ilipita nyuma ya kuku, kuku hageuki. Nyie mnaopenda vitu vya kuning'iniza kwenye baiskeli hamuijui raha hiyo, raha ya chombo kinachokutii bila kulalamika.

Halafu akaja Masanja.

Alikuwa kijana wa Kisukuma, rika langu. Baba yake alihama na ng'ombe kutoka huko kaskazini, wakaweka boma ng'ambo ya reli. Naye alikuwa na baiskeli, lakini yake ilikuwa imevikwa. Vioo pembeni kama pikipiki. Madigadi yenye ulimi wa mpira uliochorwa simba. Fremu yote imezungushiwa nailoni nyekundu na njano. Kengele mbili, ya pili ilikuwa ya nini sijui mpaka leo. Hayo yote ningeyavumilia. Lakini juu ya keria alikuwa amefunga mtungi wa udongo, mdogo hivi, kama kichwa cha ndama, ameukaza kwa vipande vya tyubu. Mdomoni mwa mtungi ameweka spika aliyoing'oa kutoka kwenye redio, na waya umekuja mpaka kwenye redio ya kaseti iliyoning'inia kwenye usukani.

Sauti iliyotoka humo, mwanangu, siwezi kukueleza. Besi lilikuwa linatembea kifuani mwako kama mtu aliyevaa viatu. Redio zetu wengine zote zililia kama mbu. Yake iliongea kama mwanaume mwenye ng'ombe wake.

Siku ile ya kwanza, pale barabara ya Kasekese, wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha mchi hewani. Mimi nilikuwa natoka Ikola na mzigo wa kuvunja mgongo, na hakuna aliyeniona. Nikasema kwa sauti kwamba mtungi ni wa maji, huyu bwana ana kichaa. Watu wakacheka kidogo ili wasinivunjie heshima, kisha wakarudi kusikiliza.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nikinawa nile, redio ya Masanja inapita. Nikilala mchana kidogo, inapita. Nilianza kuzunguka njia ya nyuma, yenye mchanga, ili nisikutane naye. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Walikosea, mimi nilikuwa nazo nyingi, na kila jioni nilizipitia kama mtu anayekagua mifugo. Anajidai. Baba yake ana ng'ombe. Vioo vile vinamsaidia nini. Wivu, mwanangu, haukuachi na njaa. Unakulisha vizuri sana, ila chakula chake ni wewe mwenyewe.

Basi baada ya mavuno mdogo wangu Anjelina akapata mchumba, kijana wa kule Mamba. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo harusi ilikuwa mikononi mwangu. Kwetu bibi harusi anakaa ndani mpaka wageni wajae uani, halafu anatolewa kwa muziki, wakwe wamwone anavyotembea. Anjelina hakuniomba nguo wala viatu. Aliniomba atolewe kwa redio ya Masanja.

Nikamwambia dada wa Paskali, yaani mimi, hatolewi kwa redio ya mchunga ng'ombe.

Akainama. Akasema, "Basi uwe na yako, kaka. Nisitoke kimya kimya kama naenda kisimani."

Nikaona hilo dogo. Nilikuwa na kiredio changu cha kaseti, kinatosha kushikwa kwa mkono mmoja. Kilichobaki ni mtungi. Nikapanda baiskeli mpaka Kasekese kwa Shangazi Veronika, dada wa marehemu baba, aliyekuwa mfinyanzi. Nilimkuta amekaa katikati ya mitungi yake anaigonga kwa kifundo cha kidole. Ndivyo walivyofanya wafinyanzi. Mtungi mzima unaitika, wenye ufa unaguna.

"Nataka mtungi, Shangazi."

"Wa maji au wa pombe?"

"Wa redio."

Hakucheka. Alisema hata ule wa Masanja ulitoka pale pale, na kwamba yule kijana alikaa na redio yake tangu asubuhi mpaka jua likageuka, anaijaribu mitungi mmoja baada ya mwingine, akaishia kuchagua mdogo ambao yeye Shangazi alishautenga wa kuwekea mbegu. Moyo wangu ukawaka moto. Nikamwambia anipe mkubwa kuliko huo. Nikauonyesha uliokuwa pembeni, mtungi wa pombe ya kazi, ambao mtoto angeweza kujificha humo.

Shangazi akakitazama kiredio changu, akautazama mtungi. "Baba, mtungi mkubwa unataka sauti ya kuujaza. Hiyo yako itapotea humo kama punje moja ghalani. Nenda kwa Masanja, umuulize."

"Siendi kwa Masanja."

"Basi chukua. Mtungi nakupa mimi. Huo wivu umekuja nao mwenyewe, usije ukasema umeutoa kwangu."

Niliubeba kwenye keria mpaka Mpanda. Njia nzima watu wananiuliza pombe inauzwa wapi.

Nyumbani niling'oa spika ya kiredio, nikaifunga mdomoni mwa mtungi, nikaujaribu. Haukulia vizuri, na masikio yangu yaliniambia hivyo. Lakini mwenye wivu hasikilizi masikio yake. Nilijiambia watu wakijaa, sauti itakaa sawa.

Siku ya harusi uani pakajaa. Wakwe kutoka Mamba wamekaa kwenye viti mbele, mimi nimeuweka mtungi katikati kama madhabahu, nimeufunika kwa kitenge. Nikafunua. Nikawasha. Mwanangu, kilichotoka humo kilikuwa kama mtu aliyeanguka kisimani anaomba kamba. Maneno hayasikiki, gitaa halisikiki, ni mngurumo tu. Nikaongeza sauti. Karatasi ya spika ikachanika, ikabaki inakwaruza, kra, kra, kama kuku anayeparua majivu.

Mkwe mmoja, mzee mwenye utani, akamgeukia bwana harusi akamuuliza shemeji zake wanapika nini kwenye ule mtungi, maana kinaungua. Ua mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nautazama mlango. Pazia lilikuwa fupi, na chini yake niliviona viatu vyeupe vya Anjelina. Vilikuwa vimesimama pamoja, havisogei. Alikuwa anasubiri. Alikuwa anasikia kicheko na hajui kama wanamcheka yeye.

Masanja alikuwepo, Anjelina alimwalika mwenyewe. Nilimtafuta kwa macho nikitumaini anacheka, nipate sababu moja zaidi. Hakuwa anacheka. Alikuwa anautazama mlango kama mimi.

Nikamwendea. Miguu ilikuwa mizito kuliko mzigo wowote wa Ikola.

"Redio yako iko wapi?"

"Nyumbani. Nilisikia hutaki kuiona."

"Kailete."

"Nimekuja kwa miguu, bwana. Baiskeli imekufa, gololi zimesagika zote. Nikienda na kurudi kwa miguu, wakwe watakuwa wameshaondoka."

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta, nimeifuta mpaka inang'aa. Hakuna mtu aliyewahi kuipanda zaidi yangu. Hata Anjelina alipougua nilimpakia nyuma, usukani sikumwachia mtu. Unaona, wivu una mikono miwili. Mmoja unataka cha mwenzako, mwingine umekamata chako. Nilivitazama tena vile viatu.

"Chukua yangu," nikasema. "Nenda kabla sijabadili mawazo."

Akaondoka. Niliwaambia wakwe bibi harusi bado anavaa, nikaenda kusimama barabarani. Hapo ndipo nilipoteseka. Nilimwona kichwani anaingia kila shimo, anakunja rimu, anaruka reli bila kushuka. Shangazi Veronika akaja akasimama kando yangu. Nilitega sikio nimsikie Masanja anarudi, nikasahau kwamba ile baiskeli haisikiki. Nikashtukia tu yuko mbele yangu, kile kimtungi kiko kwenye keria yangu, na meno yote yako nje.

"Paskali," akasema, "hiki chombo kinateleza kama samaki. Mwaka mzima nakitamani. Unajua kwa nini nilifunga redio? Yangu inalia kila mahali, mnyororo, pedeli, habu. Nikasema bora watu wasikie muziki."

Sikujua nicheke au nimzabe kofi.

Akafunga waya, akawasha. Besi likatembea uani. Pazia likafunguliwa na Anjelina akatoka, hatua moja, anasimama, hatua nyingine, kama mtu anayejua ardhi ni yake. Vigelegele vikapigwa mpaka mzee wa utani akasimama akavua kofia. Mdogo wangu alipita karibu nami akanigusa mkono, akaendelea.

Sasa usidhani moyo wangu ulipoa. Watu walimzunguka Masanja, wanampiga mgongoni, Masanja huyu, Masanja yule. Hakuna aliyesema redio ililetwa na baiskeli ya nani. Nikamwambia Shangazi, "Umeona? Wanamsifu yeye."

Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo.

"Mwaka mzima redio ile imepita mlangoni kwako. Nitajie wimbo mmoja iliopiga."

Nikaanza kutafuta. Nilijua ulimi wa madigadi una simba wa namna gani. Nilijua nailoni imeanza kuchanika upande gani. Wimbo sikuwa nao hata mmoja. Hata ule uliokuwa unapigwa pale pale, dada yangu akiucheza, sikuwa nausikia.

"Mwenzako amekupigia muziki bure," akasema, "wewe ukawa unakagua vioo." Akafunga kitenge kiunoni, akaenda kucheza na wakwe. Aliniacha peke yangu, nikasikiliza. Ulikuwa wimbo wa mtu anayewasalimu nduguze walioko mbali. Ulikuwa mzuri. Uliniuma kwa sababu ulikuwa mzuri.

Habu ya Masanja nilimtengenezea wiki iliyofuata, naye akanionyesha jinsi ya kupata mtungi unaolingana na spika. Biashara yangu ya redio ilianzia hapo, sikatai. Lakini usiniletee habari kwamba nilipona. Juzi kijana mmoja amefungua duka mkabala na langu, ana maspika marefu kuliko mlango, na nilipoyasikia tumbo liliniuma kama nina miaka ishirini. Nikachukua kigoda changu, nikavuka barabara, nikakaa mbele ya duka lake. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, hili umelifungaje?" Akanieleza mpaka nikachoka. Wivu nilikwenda nao na nilirudi nao, lakini nilirudi nimejua kitu.

Basi sikia, mwanangu. Sikuambii usione wivu. Hayo ni maneno ya wanaohubiri wakiwa wameshiba. Nakuambia hivi: kitu cha mwenzako kikikuchoma, usizunguke njia ya nyuma. Msogelee. Muulize amekifanyaje, kuuliza si ujinga. Ukipenda chombo, kipende kwa kazi yake; baiskeli ni ya kwenda, redio ni ya kusikiliza, na ukinunua kimoja kati ya hivyo ili kumkomesha mtu, umenunua mzigo. Na chako usikikumbatie mpaka kife nawe, maana huenda mwenzako amekitamani kimya kimya siku zote ulizokuwa unamchukia.

Mungu akujalie gurudumu lisiloyumba na mnyororo usiokatikia mlimani. Akupe masikio ya kusikia cha mwenzako, na mkono mwepesi wa kuachia chako. Na siku ya kumtoa dada yako, usikose muziki. Nenda salama, mwanangu.