Toronto hadi Dar: hesabu niliyompa mzee wangu

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mwenyewe, nyumbani kwangu Kongowe ya Kibaha, na sijaongeza chumvi.

Kazi yangu ni kupanga malori bandari kavu ya Kwala. Mteja akiuliza mzigo utafika lini, nachukua kilomita, nagawa kwa mwendo, naongeza muda wa kusimama mizani. Huwa sikosei, na nilikuwa najisifia sana.

Mzee wangu nilimtoa Vihingo, Kisarawe, nije nimuuguze kwangu. Moyo ulikuwa umechoka. Alitaka kitu kimoja tu, kumwona mdogo wangu Hawa aliyeko Toronto. Hawa aliondoka wakiwa wamegombana, hawakuagana.

Jumatatu akanitumia meseji, tiketi imepatikana, anapanda jioni ya kule.

Nika-google. Kilomita elfu kumi na mbili na ushee, flight time saa kumi na tano. Nikaongeza tofauti ya saa, nikaridhika. Angani kuna mizani gani?

Nikamwambia mzee, "Kesho jioni yuko hapa."

Akataka akatwe kucha na aletewe kanzu yake ya Idi. Nikamwomba angalau aongee naye kwanza kwenye simu, akagoma.

"Radhi ya mwanangu naitoa mkono kwa mkono. Si umesema kesho?"

Jumanne saa tisa alasiri, mzee yuko kitandani na kanzu yake, meseji ikaingia: "Kaka nimeshuka, nasubiri connection. Bado ndege mbili. Dar nafika kesho saa tano asubuhi."

Wakuu, nilijiona mjinga! Ile website inapima mstari ulionyooka, na ndege ya moja kwa moja haipo. Saa zangu kumi na tano zilikuwa thelathini na tatu.

Na mzee pumzi zilishaanza kukata. Nikasema moyoni, anichukie tu, lakini leo ataongea.

Nikapiga video call, nikakaa ubavuni kwake. "Baba, nimekosea hesabu. Hafiki leo. Ongea naye sasa hivi, mimi siondoki hapa."

Akaniita muongo, akageukia ukutani. Nikaishika simu hivyo hivyo mpaka mkono ukafa ganzi, Hawa analia upande wa pili. Ilipita kama nusu saa ndipo akageuka.

"Hawa, nimekuridhia. Na wewe nisamehe."

Alfajiri akafariki.

Saa tano nilikuwa airport. Hawa akaniangalia usoni, akaelewa. "Aliniridhia, kaka. Nilimsikia. Twende Vihingo." Alasiri ile tukamzika.

Funzo langu: usiamini saa za website, soma tiketi yote. Na kama una mgonjwa anayemsubiri mtu wa mbali, waunganishe kwenye simu leo, hata wakigoma.

Mliowahi kusafiri mbali, wekeni hapa chini saa zenu za kweli, kutoka nyumbani hadi nyumbani. Muda huu kuna mtu anamwambia mzee wake "kesho".