Makomamanga ya Mama Bénie

Huku Ruashi vumbi la mgodi linaingia hata ndani ya chungu kilichofunikwa, ndiyo maana tunaosha kila kitu. Mama Bénie peke yake haoshi makomamanga yake. Anayakata mtini kwa mkasi, anayafuta kwa kitambaa kikavu, yaliyopasuka yanaliwa siku hiyohiyo. Mazima anayafunga kwa magazeti na kuyapanga chini ya kitanda, kwenye simenti ya baridi, yasigusane.

“Mama Bénie, matunda nayo inalala mu chumba?” wifi yake Huguette alimcheka. Yeye aliyaosha ya kwake mpaka yakang'aa, akayashindilia guniani. Yakaoza yote, na sisi majirani tukanusa.

Kiangazi kilipokolea, Bénie aliolewa. Wakwe walikuja kutoka Makomeno, mtaa wa wenye pesa, na viatu vyao vinavyometa. Mama Bénie akapasua komamanga lenye ganda lililonyauka. Punje zikawaka, maji mekundu yakatiririka.

“Iko ya Afrika ya Kusini?” baba mkwe aliuliza.

“Apana, papa. Iko ya chini ya kitanda yangu.” Akamgeukia binti yake. “Na huyu nilimulea mu vumbi ya Ruashi. Mumuangalie muzuri.”