Mafundo ya Majani Niliyoyafungua

Kosa langu lilikuwa kufungua mafundo mawili ya majani. Kuchimba shimo si kosa. Watu wengi wa kwetu huchimba mashimo ya nguruwe pori, na sheria yake hata mtoto anaijua: ukichimba njiani, unafunga majani marefu mafundo, moja huku na moja kule, ili mpitaji ajue azunguke. Mimi niliyafungua kwa mikono yangu, asubuhi ya Jumapili.

Nilikuwa fundi mdogo wa reli. Nyumba niliyopewa ilisimama peke yake kandokando ya njia ya gari la moshi, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka mji wa Kamina. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mara mbili mbuzi wetu walipotea, tukasema chui. Kisha siku moja nikiwa kazini, mke wangu alirudi kutoka mtoni akakuta mlango wa jiko umesukumwa, na kwenye majivu kuna alama ya mguu wa mwanamume.

Tangu siku hiyo sikuweza kula vizuri. Nikigonga msumari nilisikia mke wangu anapiga kelele. Polisi walikuwa mbali, jirani hatukuwa naye. Nilijiambia: akiuawa, nimemwua mimi.

Kapita wetu, msimamizi wa kazi, aliposikia nataka kuchimba shimo, alinicheka mbele ya wenzangu. "Weye fundi, fuga imbwa kama bantu bengine."

"Imbwa inalala," nikamjibu. "Shimo hailale."

"Eh! Basi uoe hiyo shimo!"

Walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi nilisoma shule miezi michache tu. Kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni, na kupima kwa kuwaangalia Wazungu wa reli. Mtu aliyejifunza peke yake anaogopa kuchekwa kuliko kitu chochote. Nikaamua shimo langu lisiwe na dosari.

Nililichimba nyuma ya nyumba, kwenye njia nyembamba inayotoka porini hadi mlango wa jiko. Wageni wetu wote walipita mbele, upande wa reli. Nyuma atapita mwizi tu, ndivyo nilivyofikiri. Nilipima kwa kamba. Udongo niliubeba kwa kikapu nikaumwaga mtoni usionekane. Chini nilipanga vipande vya mataruma mabovu, zile mbao zinazolazwa chini ya reli, nikapigilia ndani yake misumari ya reli iliyotupwa, ncha juu, kila ncha nimeinoa kwa tupa. Juu nikatandaza fito, kisha majani, kisha mchanga. Nilibomoa kifuniko hicho mara tatu kwa sababu kilikuwa kimeinama kidogo.

Mke wangu ndiye aliyefunga mafundo.

"Mwizi pia anayajua mafundo," nikamwambia. "Unamwonyesha pa kuzunguka."

"Azunguke basi. Minyi nataka aende, sitaki afe. Ukifungua, utaua muntu, na huyo muntu hautamuchagua."

 Jumapili ile, alipokuwa ndani akitwanga, nilikwenda nikayafungua, nikanyoosha majani moja moja mpaka yakasimama kama hayajaguswa. Sikumwambia. Kisha nikaketi mbele ya nyumba na kipande cha gazeti, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi moyo wangu ulitulia.

Mama mkwe alikuwa aje kumpokea mtoto. Hilo nililijua. Nilihesabu kwamba atashuka kwenye gari la moshi Jumatano, nikiwa kazini. Lakini alikuwa na wasiwasi na binti yake, akaja kwa miguu siku tatu mapema. Aliponiona kwa mbali nimekaa mlangoni, alifanya kile ambacho kila mama wa Kiluba mwenye adabu angefanya. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso. Heshima hiyo tunaiita buko. Aliacha njia ya reli, akazunguka porini, ili aingie kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa adabu yake.

Nilisikia chupa ikivunjika, kisha sauti.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa nakimbia, nilikuwa na furaha. Niliwaza: limefanya kazi. Hata nilipofika ukingoni na kuona mafuta ya mawese yamemwagika juu ya nguo ya mwanamke, jicho langu lilitazama kwanza msumari. Ulikuwa umetokeza juu ya mguu, katikati kabisa.

Alivuta kitambaa akafunika uso.

"Mukwe," akasema, "usiniangalie. Ita mutoto wangu."

Nami nikageuka! Nilikuwa na nguvu za kumtoa kwa dakika moja, lakini nilimpa mgongo, nikaita mke wangu. Alikuja amejishika tumbo. Alitazama pale mafundo yalipokuwa, kisha akanitazama. Hakupiga kelele. Alilala kwa ubavu, akashusha kanga yake, akamvuta mama yake juu kidogo kidogo, huku mimi nimesimama nikitazama miti na kumwelekeza aweke goti wapi. Nilisikia mguu ukitoka kwenye msumari.

Tulimpeleka Kamina juu ya toroli la kazi. Kapita, niliyekimbia kumwita, alisukuma pamoja nami.

"Mwizi yako njo huyu?" aliuliza. "Alikuya kuiba na chupa ya mawese ku kichwa?"

Hakuna aliyecheka. Mguu ulioza, daktari akaukata chini ya goti. Mke wangu alijifungua majuma mawili baadaye, bila mama wa kumshika mgongo. Mtoto aliishi. Tuliporudi nyumbani kutoka Kamina, tulikuta mlango wa mbele umevunjwa. Mwizi alikuwa amechukua sufuria, blanketi na mbuzi wa mwisho. Alipita upande wa reli, kama mgeni.

"Shimo yako haikumwona?" mke wangu aliuliza. Tangu siku ile, hayo ndiyo maneno pekee aliyosema juu ya shimo.

Mama mkwe anakaa kwetu sasa. Nikiingia anafunika uso, nikitoka anafunua. Shimo nimelifukia, na misumari nimeirudisha kazini. Tuna mbwa wawili, nao hulala. Nikitaka kuweka hata mwiba kwenye ua, namwambia mke wangu kwanza, na akikataa siuweki.