Shati la Kanga la Bwana Doni

Sisi tuliokulia vichochoro vya nyuma ya Rigga, hapa Dubai, kabla treni haijachimbiwa njia chini ya miguu ya watu, tukikutana leo hatuulizani habari za kazi. Tunaulizana tu, unakumbuka? Na kabla mwenzio hajajibu, mshaanza kucheka.

Mie nakumbuka mchanga. Ulikuwa kwenye viatu vya shule, kwenye nywele, mpaka kwenye maandazi. Tulicheza nage kwa mpira wa soksi kuukuu, na mdako kwa kokoto tulizochota kwenye jengo lililokuwa likipanda jirani, mlinzi anatufukuza kwa Kiurdu na sie tunamjibu kwa Kiswahili, kila mmoja kaelewa. Joto likizidi tulipanga foleni chini ya viyoyozi vya watu, maji yatudondokee shingoni. Mwanangu mie leo kiyoyozi kikizima nusu saa anataka apelekwe hospitali, na mtandao ukikatika anazunguka nyumba nzima kainua simu juu, utadhani anatafuta mwezi wa Ramadhani.

Mama zetu walipika milango wazi. Ulijua kwa pua tu nani kapika nini, na jirani yetu Bi Moza akipika pweza wa nazi, basi watoto wote tunaikumbuka ghafla adabu ya kwenda kumwamkia. Shikamoo zilimiminika siku hiyo, mpaka mwenyewe anauliza kwani leo Idi.

Baba yangu, Fundi Haji, alikuwa na duka la kushonea kwenye kichochoro chetu. Alishona kandura, zile kanzu za Waarabu, alishona sare za shule, na alipinda kanga za wanawake wote wa Kiunguja waliokuwa mtaa wetu wa Deira. Duka lile ndilo lililokuwa baraza yetu. Na ndilo lililotuletea Bwana Doni.

Bwana Doni alikuwa Mwaustralia. Masharubu kayasokota kwa mafuta mpaka ncha zinatazama juu, pete karibu kila kidole, viatu vyekundu, na shati ambalo halikosi ama kasuku ama nanasi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kabisa, akitembea anayumba huku na huku, lakini anayumba kwa maringo, kichwa juu. Alikuwa akisimamia bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja pale Rigga, na jioni akishatoka anakuja moja kwa moja kwa Baba na kitambaa kipya kwapani. Watu wazima walimwita Mzungu wa Makasuku. Sie watoto tulimpenda kuliko wajomba zetu wenyewe, na wajomba walijua.

Kwao alikuwa mcheza mpira. Si huu mpira wetu, bali wa kwao Australia, ambao una umbo la yai, uwanja wake mviringo, milingoti minne kila upande na golikipa hakuna. Alituambia mchezaji anaruka, anapanda mabega ya mwenziwe, anaudaka mpira huko huko juu. Baba, pini mdomoni, akauliza kwa kile Kiingereza chake cha shule ya Unguja, refa yuko wapi wakati mtu anapandwa kama ngazi. Bwana Doni akasema refa anapiga makofi.

Alisema yeye ndiye aliyekuwa akiruka kuliko wote. Kabla ya kupiga mpira golini alikuwa anasimama, anasokota sharubu kwanza, upande huu na upande huu, na uwanja mzima unavuma. Ati ilikuwa kila duka la mikate analoingia haruhusiwi kutoka mpaka amesalimiana na wote. Basi sie tukawa tunaigiza. Kichochoro kizima watoto wanasimama, wanasokota masharubu wasiyokuwa nayo, ndipo wanapiga soksi.

Mie nilimwamini. Baba hakumwamini hata kidogo, lakini alinikanya nisimcheke. "Salma mwanangu, Dubai hii kila mgeni alikuwa mtu mkubwa kwao," akasema. "Mpe kiti, mpe chai, usimdai ushahidi."

Siku moja Bwana Doni alimsimulia Mama mwisho wake. Magoti yalipoanza kukataa, aliendelea kuruka, na akawa anaanguka. Wale wale waliokuwa wakimshangilia wakaanza kucheka. Hilo, alisema, alilivumilia. Lililomshinda ni walipoacha kucheka wakaanza kumwonea huruma, wanamshika mkono kumvusha barabara, wanamsema mbele yake, masikini Doni, ungemwona zamani. Ndiyo akapanda ndege. Dubai hakuna aliyemwona zamani. Mama akamwongezea chai. Usiku akamwambia Baba yule mtu amekimbia huruma kama wengine wanavyokimbia polisi.

Basi mambo yalikwenda hivyo hivyo mpaka alipokuja dukani siku moja hana hata salamu. Wenzake wa zamani walikuwa wanapita Dubai, safarini, na Ijumaa ile watacheza mechi ya kirafiki na Waaustralia wa huku. Wachezaji wa zamani wote wataitwa majina uwanjani. Na yeye ataitwa. Akasema akikosa, watasema kafa au kafilisika. Akienda, watayaona magoti. Akamshika Baba mkono, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Fundi, nishonee shati litakaloingia kabla ya miguu yangu."

Baba akamtolea hariri, akamtolea pamba ya Misri, yote akaikataa. Macho yake yalikuwa kwa Mama, aliyepita mlangoni na kanga yake mpya, zambarau na manjano, maua makubwa kama sahani. Akasema hiyo.

Lo, kilizuka kizaazaa. Baba alisema mwanamume kanga anajifunga chumbani kwake akitoka kuoga, hatoki nayo nje akatazamwa na watu. Mama akasema mwanamume wetu kweli, lakini huyu si wetu, na tangu lini amevaa cha kawaida? Bi Moza, aliyekuja na doti yake ipindwe, akacheka mpaka akakaa chini. Mwisho Mama akatoa doti nyingine ya maua yale yale, bado haijakatwa, akaiweka mezani. Khalas, akasema, mshonee.

Ila kanga si kitambaa tu, na Mama hakutaka mtu avae asichokijua. Akamwonyesha Bwana Doni yale maneno yaliyoandikwa chini, akamfasiria. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Bwana Doni aliyatazama muda mrefu. Sharubu zikamcheza. Kisha akageuka, akajigusa mgongoni katikati ya mabega, akamwomba Baba ayaweke pale, ambapo zamani palikuwa na namba yake.

Sasa sikilizeni mambo ya cherehani. Baba alikuwa na kazi nyingi wiki ile, na fundi hutazama upande wa ndani wa kitambaa, hasomi. Shati likatoka Ijumaa asubuhi, Bwana Doni akalichukua limekunjwa, akakimbilia hotelini kuoga. Baada ya sala akaja Bi Moza kuchukua doti yake. Baba akampa, imepindwa vizuri. Bi Moza akaifungua, akasoma, akaisoma tena. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Doti zote mbili zilikuwa za maua yale yale. Ya Bi Moza aliinunua makusudi, maana mumewe alikuwa ameongeza mke, na arusi ya shemeji yake ilikuwa inakaribia, na alitaka kuingia mle ukumbini akiwa na lake la kusema. Kanga yake iliandikwa MKE MWENZA UTALIA SANA. Na hiyo ndiyo Baba aliyoikata.

Baba aliketi chini, rangi imemtoka. Alisema labda hakuna ubaya, huko uwanjani nani asome Kiswahili. Mama akamjia juu. Akasema yule mtu amekwenda mbele ya watu wake akidhani amebeba neno lake, na akiulizwa maana atalitamka kwa fahari, na atokee mmoja tu anayejua, atachekwa upya, na safari hii tutakuwa sisi tuliomchekesha. Bi Moza ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda pikapu ya Baba. Ati anafuata kanga yake. Tukapanda wote, wanawake na watoto tumejazana nyuma, buibui zinapepea, Baba anapiga honi njia nzima, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpigia honi hata paka.

Tulipofika tukamwona langoni, mgongo umetuelekea, maneno ya Bi Moza yametanda bega kwa bega. Tukamwita. Hakugeuka. Tulidhani hakusikia. Akaingia.

Tukamfuata mpaka ukingoni mwa uwanja. Mtu mwenye kipaza sauti alikuwa anaita majina, na wazee mmoja mmoja wanatoka mbio mbio kidogo, watu wanapiga makofi ya heshima. Likaitwa la Bwana Doni. Akatoka anayumba. Makofi yakapungua, na mie mtoto nikayaona yale macho aliyoyakimbia, watu wanainamiana wakinong'ona, mmoja anatikisa kichwa. Roho iliniuma nikataka kulia. Mwenyewe akafika katikati, akasimama. Akasokota sharubu upande huu, akasokota upande huu. Halafu polepole akawageuzia mgongo.

Bi Moza aliona ugomvi wake wa nyumbani umesimama katikati ya uwanja wa Wazungu, zambarau na manjano, na masharubu juu yake. Akafungua mdomo, nikajua anatukana. Akapiga kigelegele. Hajui mwenyewe kilimtokaje. Mama akapokea, na wengine wakapokea, na sie watoto tukapiga mayowe, na wahudumu wa chai wa Kikenya nyuma yetu wakaanza kupiga miluzi. Uwanja mzima ukageuka kututazama, wakamtazama yeye, wakatutazama tena. Kisha mzee mmoja katika wenzake akapiga kelele jina lake, akamkimbilia, wengine nao wakaja, wakamwinua, wakamweka mabegani. Kule juu akainua mikono miwili kama anadaka kitu. Baba alikuwa anafuta macho na ncha ya kilemba chake, anasema kumbe kweli. Kumbe kweli, jamani.

Jioni ile alirudi nasi nyuma ya pikapu, na Mama alituonya sote kwa jicho. Hakuna aliyemwambia. Bi Moza alikwenda arusini amevaa JAPO SIPATI, na anasema mke mwenza alikuja kumkumbatia, akidhani wamepatana. Wakapatana. Hilo sina maelezo yake.

Ikaja siku hoteli ikafungwa, na Bwana Doni akapata nafasi ya kurudi kwao, kufundisha watoto huo mpira wa yai. Alikuja kuaga amevaa lile shati, limepauka. Mama hakuweza kuvumilia tena. Aliona haya kumwacha aende nalo hivyo, akamwambia yote, fundi alivyokosea na kilichoandikwa, na akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima.

"Nilijua," akasema Bwana Doni. "Mlinzi wa pale langoni alikuwa mtu wa Mombasa. Alinisomea kabla sijaingia, akacheka mpaka akashika ukuta."

Mama akamuuliza, sasa mbona aliingia.

"Nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani. Nikasikia honi ya Fundi. Nikawaona kwa mbali, kabla nyie hamjaniona, nyote nyuma ya gari; kisha nikasikia mnaniita." Sharubu zikamcheza. "Mama Salma, mtu aliyekuja na watu wake, hakuna anayemwonea huruma."

Baba alisema machozi ni vumbi la kitambaa. Hatukumwona tena Bwana Doni, lakini nyumbani kwetu, mpaka Mama anafariki, mtu akiogopa kwenda mahali, hospitali au kwenye posa au kwa kafili, yule mdhamini wake wa kazi, aliulizwa swali moja tu: twende wangapi?

Kichochoro chetu sasa ni maegesho ya magari. Mie nakaa Silicon Oasis, mtaa mpya nje ya mji, ghorofa ya juu, jirani yangu namjua kwa harufu ya manukato kwenye lifti. Na sisemi vijana wa leo hawana watu. Mwanangu anao wengi, anacheza mpira anajipiga video, na wanaomtazama wangejaza viwanja. Juzi alianguka mazoezini akavunjika mkono. Nikamkuta hospitalini peke yake, kajiegemeza mto, simu kifuani. Nikamuuliza, wenzio wanakuja saa ngapi? Akanishangaa.

"Wameshakuja, Mama," akaniambia, akanionyesha kioo cha simu. "Wote wameshanitumia dole gumba."

Nikavuta kiti karibu ya kitanda, nikampigia Bi Moza.