Uso Ulio Chini ya Rangi

Usiku ule nililala na chupa ya asetoni chini ya mto. Kifuniko nilikikaza, lakini harufu ilipenya kwenye foronya, na nadhani Subira alikuja akiifuata harufu hiyo. Alipotokea hakunisalimia. Alinusa kwanza.

Tulikuwa kibarazani kwao, Morogoro, jua la asubuhi limefika nusu ya mkeka. Amekaa kama alivyokaa siku zote, miguu ameinyoosha, mdoli mapajani. Sikushangaa kumwona. Nilijua kwamba amekufa, nilijua kwamba mimi ndiye niliyewashikia ndoo ya maji wanawake waliomwosha, na bado nikavua viatu, nikakaa pembeni yake, nikachukua brashi yangu nyembamba. Ndotoni mambo hayo hayagombani.

Mtu asiyetujua angeona wanawake wawili wazima wanacheza. Midoli yetu tuliichambua kwenye marundo ya mitumba, ile ya plastiki yenye viwiko na vifundo vinavyokunjika, ambayo huko ilikotoka watu huinunua na kuipanga kabatini bila kuigusa. Sisi ilitufikia ikiwa uchi, nywele zimeshikamana. Tuliufuta uso wa kiwandani kwa asetoni mpaka ukabaki mtupu kama yai. Kisha tuliupaka rangi ya ngozi zetu, tukachora macho, tukang'oa nywele na kupandikiza nyingine kwa sindano, kishungi kwa kishungi. Subira hakuchora warembo. Alichora watu. Alimchora muuza maandazi wa mtaani kwetu na jicho lake moja dogo. Alimchora mama yake akiwa amekasirika, taya limekazwa, macho hayapepesi, na mama mwenyewe alipouona ule mdoli alicheka hadi akakaa chini. Wa mwisho aliuchora akiwa kitandani, dawa zimemmaliza nywele. Huo ulikuwa yeye mwenyewe: kipara, kovu juu ya nyusi, tabasamu la upande mmoja.

Ndio huo alionao mapajani. Anaupuliza vanishi, ile ya kukinga rangi. Anangoja ikauke, anapuliza tena, anangoja tena. Zamani nilimtania kwa hilo, nikamwambia anajenga ukuta, na yeye akanijibu nimwache ajenge. Sasa simtanii. Namtazama tu anavyopuliza, na kila akipuliza kibaraza kinafifia kidogo.

Kisha ni sebuleni, siku ya arobaini yake. Kuna harufu ya pilau. Salha, binti wa mjomba wake, anatoka na boksi amelikumbatia kifuani. Anamwambia Mama Subira kwamba anaipeleka midoli kwa watoto yatima, iwe sadaka ya marehemu, na Mama Subira anaitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Nataka kusimama, lakini kuna mtu amekalia kanga yangu. Navuta, navuta. Boksi linapita mlangoni.

Na hapo hapo niko mlangoni kwa Salha, kama nilivyokuwa kweli wiki iliyopita, baada ya kuona picha alizozisambaza. Hakukuwa na yatima. Ilikuwa midoli ile ile, sasa na nyusi nyembamba na midomo myekundu, yote inafanana kama mtu na dada zake, na chini yake tangazo kwamba Jumamosi ataionyesha kwenye maonyesho, kazi ya mikono yake. Nilimwambia ni ya Subira, airudishe kwa mama yake. Salha alicheka huku ameegemea mlango.

"Shoga, una risiti ya marehemu?" aliniuliza. "Au midoli imekuita kwa jina?"

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kununua asetoni. Niliapa kwamba nitafika kwenye maonyesho yake na kuimwagia midoli yote usoni, abaki na vichwa vitupu mezani pake, watu wamemzunguka. Niliipenda picha hiyo. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikapika nayo. Nilitaka kumsikia akilia, na nilitaka alie kwa sauti.

Ndotoni nikapewa nilichokitaka. Meza ndefu, kitambaa cheupe. Salha amenipa mgongo. Mdoli wa Subira umewekwa katikati, umevishwa wigi refu mpaka kiunoni, midomo imepakwa nyekundu. Nafungua chupa, namimina. Wekundu unachuruzika, nyusi nyembamba zinakwenda, na chini yake kovu linatokea, tabasamu la upande mmoja linatokea. Naanza kufurahi. Lakini asetoni haisimami. Kovu linalegea. Tabasamu linaanza kuteremka kidevuni. Nageuka, na Subira amesimama nyuma yangu, uso wake wenyewe unayeyuka, macho yanashuka mashavuni, mdomo hauna mahali tena. Sauti yake ikaja hivyo hivyo, bila mdomo.

"Nimekufa mara moja. Inatosha."

Kisha tuko kibarazani tena, jua halijasogea. Uso wake mzima. Mdoli uko mapajani mwake, na ile midomo ya Salha bado imo. Anachovya ncha ya kanga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, anasugua taratibu, na rangi nyekundu inabanduka nzima nzima kama utando juu ya maziwa. Chini yake uso wake unang'aa, haujaguswa. Maji hayaupati. Ukuta wake umesimama.

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha wema.

"Mvivu yule. Hakunifuta. Kanipaka juu ya vanishi."

Kumbe Salha alikurupukia rangi bila kufuta kwanza, kosa ambalo Subira alinikataza siku ya kwanza kabisa niliposhika brashi. Rangi yake haikuwa na pa kushika. Nyuso zote zilikuwa humo ndani bado, wa muuza maandazi, wa mama, wake mwenyewe, zimefungiwa, zinangoja. Na mimi nilikuwa nimezinunulia sumu.

Nilimwambia kwamba nilitaka kumwona Salha akilia. Nilidhani atanikanya, kama inavyosemwa wafu hufanya, aniambie nimwachie Mungu. Alinitazama kama alivyonitazama kila nilipoharibu jicho na kutaka kulirekebisha kwa haraka.

"Atalia," alisema. "Lakini kwanza nataka aniangalie."

Akanyanyuka, akakung'uta kanga. Alipofika mlangoni aliongeza, bila kugeuka:

"Na mama aje."

Niliamka mikono imenata jasho, kumepambazuka, na ni Jumamosi. Niliichukua ile chupa nikaimwaga chooni yote. Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikayatia kwenye chupa ya chai, nikaenda kwa Mama Subira.

Nilimkuta anachambua mchele kibarazani. Alitazama chupa, akaniuliza mbona leo nimekuja na chai bila vikombe. Nikamweleza palipo na midoli ya mwanawe, nani aliyeipaka rangi, na kwamba Subira alinijia ndotoni akataka naye aje. Ungo ulitulia mapajani mwake.

"Tunakwenda kufanya nini huko, mwanangu?"

"Kumwosha Subira uso, Mama. Mbele ya watu wote."

Aliingia ndani, akarudi na baibui na kitambaa cheupe, laini. Alipoinua kichwa kunitazama, taya lilikuwa limekazwa na macho hayapepesi. Ulikuwa uso ule ule ambao Subira aliuchora.