Wifi na Kadi za Vitambaa

Kwa sura, kadi zenyewe hazikuwa na lolote la kujivunia. Zilikuwa vipande vya karatasi ngumu, ile inayowekwa ndani ya mashati mapya ili yasikunjamane, na juu ya kila kipande kimebandikwa kitambaa kwa gundi: hapa mahameli, hapa satini, hapa khaki iliyopauka. Fundi Pindo alizitunza kwenye bati la biskuti lenye kutu. Siku alipofunga kibanda chake cha ushonaji, cherehani alimwachia binti yake aibebe, lakini bati alilitia kwapani mwenyewe na hakumpa mtu.

Jina la Fundi Pindo alipewa na wateja. Hakuruhusu mtu atoke na nguo mpaka apige magoti akague pindo lake, hata kama mteja ana haraka ya kufa mtu. Ukilalamika alikujibu na pini mdomoni, na sijui kama kuna aliyewahi kulielewa jibu lenyewe.

Mwenzake wa kazi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Majirani walisema hawatamaliza mwaka. Mtu na wifi yake chumba kimoja, na mkasi uko mezani, jamani! Lakini walikaa mpaka mvi zikawaota wote wawili. Fundi Pindo alikata na kushona. Wifi alitia vifungo, akapiga pasi, akaongea. Hasa akaongea.

Mchezo wa kadi ulianza na mteja mmoja asiyejua anachotaka. Kila mtindo alioonyeshwa aliukunjia pua. Wifi uzalendo ukamshinda, akakusanya mabaki ya vitambaa chini ya meza, akamwambia, "Haya mama, fumba macho, vuta vitatu. Hiyo ndiyo nguo yako." Mama akavuta kijani, akavuta rangi ya chungwa, akavuta lesi. Fundi Pindo nusura azimie. Hata hivyo gauni lilishonwa, mwili kijani, kola rangi ya chungwa, lesi mikononi, na mwenyewe alipolivaa alipita mtaani mara nyingi kuliko shughuli zake zilivyodai. Tangu hapo kila nguo yenye kisa ikaacha kipande chake kwenye bati.

Mchana kazi inapopoa, wakawa wanavuta wao wenyewe. Hapo hawakuuliza habari za nguo. Mmoja anataja swali linalomkera, anavuta kadi, na mwenzake ndiye anayeisoma. Sheria ilikuwa hiyo moja tu, kwamba mwenye kadi hajisomei. Ukijisomea, alisema wifi, utajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Wifi," Fundi Pindo aliuliza siku moja, "mbona leo nimemfokea mwanangu kwa jambo dogo hivi?" Ikatoka kadi ya sare ya shule. Wifi akaisugua kwa kidole, akafinya jicho moja kama daktari.

"Kadi inasema hukumfokea mtoto. Ulimfokea yule mteja aliyekukera asubuhi, ila mtoto ndiye aliyekuwa karibu."

Fundi Pindo akarudi kwenye cherehani yake, na jioni mtoto akashangaa kuombwa radhi.

Mteja mmoja aliyejiona mcha Mungu kuliko wenzake alichungulia ndani akauliza kama siku hizi wanapiga ramli. "Ramli inajua ya kesho," wifi alimjibu. "Sisi hata ya leo hatuijui, tunabwabwaja tu. Karibu uvute." Akavuta, akasomewa, akacheka mpaka akaondoka bila suruali aliyoifuata.

Kulikuwa na kadi moja ambayo hawakuisoma kamwe. Ilikuwa ya shati la mistari ya bluu la marehemu mume wa Fundi Pindo, ambaye kwa wifi ndiye kaka. Mjane alikata kipande kwenye mkia wa shati kabla ya kuligawa, wakakibandika kama vingine. Lakini kila kilipotoka, walitazamana tu. Kadi ikarudi kwenye bati, ikavutwa nyingine.

Kisha macho ya wifi yakaanza kuzima. Alitia vifungo vyeusi kwenye blauzi nyeupe, akasingizia taa. Akachanganya nyuzi, akasingizia kiwanda. Mwishowe hakujua hata dirisha liko wapi. Mwanawe akamchukua kwake, upande wa pili wa mji, na Fundi Pindo akabaki na kibanda kilichojaa kimya. Alijaribu kujikaza. Asubuhi aliyojikuta amekaa na shati mapajani bila kutunga uzi hata mara moja, alijua amekwisha, akafunga.

Upofu wa wifi ulimuuma, lakini kuna lililomuuma zaidi. "Anakula, anaoga, analala," kijana wa wifi alimwambia kwa simu. "Ila haongei, mama. Ukimuuliza kitu ni ndiyo au hapana, basi. Njoo wewe umsemeshe." Wifi yule haongei! Ungemwambia Fundi Pindo kwamba maji yamekataa kulowesha angeamini upesi zaidi. Alikwenda, akaongea mpaka koo likakauka, na alichopata ni "mm" mbili tatu. Akarudi nyumbani na hofu. Aliona kwamba wifi yake anaondoka kidogo kidogo huku amekaa kitini.

Safari ya pili alibeba bati. Binti yake akamkuta mlangoni.

"Mama, mtu haoni, unampelekea kadi? Si utamuumiza bure?"

Fundi Pindo uso ulimshuka. Hakuwa amefikiria. Mkono wenyewe ulilichukua bati, kwa sababu kichwani mwake wifi alikuwa bado ana macho yake yote. Lakini kulirudisha ndani mbele ya binti yake ilikuwa aibu. "Nani kasema kadi? Ni biskuti," alisema, akatoka.

Alimkuta wifi kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Akakaa kitandani, bati ubavuni, akaanza kusimulia habari za majirani. Katika kujigeuza akaligonga, na kifuniko chenye kutu kikalia.

"Hilo ni bati letu," wifi alisema.

"Nisamehe, wifi. Nimelibeba bila kufikiri. Akili zangu siku hizi..."

"Lete."

Fundi Pindo akampa kadi moja. Wifi akapitisha kidole gumba juu ya kitambaa, taratibu, akafika kwenye pembe, akarudi.

"Satini. Pembeni pana alama ya pasi. Si yule bibi harusi aliyeghairi ndoa, halafu akaja kudai gauni lake aende nalo dansini?"

"Ndiye huyo huyo!"

"Nipe nyingine. Khaki. Mlinzi aliyekuwa akinenepa kila tukimpima. Maskini, akadai futi yetu ndiyo inayosinyaa." Wifi alikuwa akicheka. Kwenye mlango kijana wake alisimama na sinia la chai, asithubutu kuingia.

Walipitia bati karibu lote. Kisha wifi akasema, "Sasa vuta yako. Uliza."

Fundi Pindo alikuwa na swali moja, na hakuona sababu ya kulizungusha. "Nitafanya nini bila wewe, wifi?"

Akavuta. Mistari ya bluu. Kwa mazoea ya miaka yote aliinua macho amtazame mwenzake, lakini safari hii hapakuwa na macho ya kukutana nayo.

"Nitavuta nyingine," alisema.

"Lete hapa."

Wifi akaishika. Pamba nyembamba, iliyofuliwa mno. Kidole kikaenda, kikasimama.

"Kaka," alisema.

Walilia, wote wawili, bila kuficha. Kijana akaweka sinia chini akaondoka zake. Wifi akajifuta pua kwa kiganja, akaiinua kadi mbele ya uso kama zamani.

"Kadi inasema huyu bwana alichomekea shati upande mmoja maisha yake yote, na wanawake wawili, tena mafundi, walishindwa kumnyoosha."

"Na swali langu?"

"Usinikimbize, nasoma." Kidole kikapita tena juu ya mistari asiyoiona. "Inasema kesho uje mapema. Na uje na vitambaa nisivyowahi kuvishika. Hivi vyote nimeshavijua."

Fundi Pindo alifunga bati. Akapiga magoti sakafuni kwa shida, akakagua pindo la gauni la wifi yake. Lilikuwa limefumuka nyuma yote.

"Na sindano nitakuja nayo," alisema.